Mahamuzi Mbele ya Baba Mkwe

Aibu hii niliificha miaka mingi, lakini leo naitoa mwenyewe, maana mke wangu ameanza kuisimulia kwa chumvi. Kwanza mjue kwamba pale Masisi, miaka ile ya hamsini, hapakuwa na mwenyeji aliyepanda farasi kama mimi. Nasema kweli, sijisifu (haya, najisifu). Nilitunza farasi wa mzungu mmoja mwenye shamba karibu na Kingi, naye akanipa mahamuzi yake ya zamani, vile vyuma vya ncha vinavyofungwa kisiginoni ili kumchoma farasi mbavuni akimbie. Neno lenyewe nilifundishwa na kapita, msimamizi wa wafanyakazi, mzee aliyetoka Ujiji, akaniambia mahamuzi ni ya mtu aliye juu ya farasi, ukishuka unavua.

Siku niliyokwenda kwa Papa Gaspari, mfugaji wa kule mlimani, kumwomba binti yake Stefania, nilishuka nisivue, maana nilitaka wasikie yanavyolia nikipita uani, na kweli shingo ziligeuka, nami nikatembea polepole kuliko padri siku ya Pasaka.

Stefania akaleta kibuyu cha maziwa, na kwao maziwa ya ukweni hupokelewa kwa mikono miwili, umepiga magoti, umekalia visigino. Nikapiga magoti kwa madaha, nikapokea kibuyu, nikakaa... Yesu wangu! Niliruka nikipiga kelele, nimeshika matako, na maziwa yote (kwa wafugaji, afadhali utukane kuliko kumwaga maziwa) yakamwagikia mapajani Papa Gaspari, aliyeketi mbele yangu.

Papa Gaspari akatazama miguu yangu, akauliza, "Ile kitu ku kisigino njo nini?"

"Njo mahamuzi, Papa. Unachomaka nayo farasi mu mbavu, anakimbia."

"Na wewe unamuchomaka kila siku?"

"Kila siku, Papa."

"Leo umejua vile inaumaka. Vua, uache hapa. Ukiacha, mutoto nitakupa."

Jamani, hata mjinga angejibu haraka. Mimi nikayatazama kwanza mahamuzi yangu. Nasema ilikuwa pumzi moja tu. Stefania, aliyekuwa mlangoni na kitambaa cha kupangusia maziwa, anasema angemaliza kukamua ng'ombe mzima.

Niliyavua, nikampata Stefania, na matako yalipona. Nimeapa siingii tena kwa watu na kitu ninachoona uchungu kukiacha. Lakini kila nikianza kujivuna nyumbani, yeye huniuliza bila hata kuinua macho, "Siku ile ulikuwa unafikiri nini?"

Na mimi, mpanda farasi hodari, naenda nje kuangalia kama mvua inakuja.