Msusi Anayewahukumu Waimbaji kwa Vidole

Jumamosi, saa kumi na moja jioni. Kwenye televisheni iliyofungwa juu ya kioo cha saluni, kijana mwenye kofia amekamata kipaza sauti kwa mikono miwili. Msusi hamtazami. Macho yake yako kwenye kichwa kilicho mbele yake. Anagawa nywele kwa kitana na kuanza mstari mpya.

Kijana anafika kwenye kiitikio, anapandisha sauti.

"Uuwi! Dada, taratibu!" anapiga kelele aliyekaa kitini.

"Nisamehe, mwenzangu. Si mimi, ni huyo Kofia," anajibu msusi. "Wimbo kauanzia juu, sasa anatafuta pa kushukia."

Saluni nzima inaangua kicheko, aliyevutwa nywele akiwemo.

Ndivyo mambo yalivyo hapa kila shindano hili la kuimba linaporushwa moja kwa moja. Mshindani akiimba vizuri, vidole vya msusi hutembea polepole na mteja anaweza hata kusinzia. Akiharibu, nywele huvutwa. Wateja wenye vichwa laini siku hizi huuliza kwanza nani anaimba leo, ndipo wakae.

Mama huyu wa miaka arobaini na mbili alifundishwa kusuka na shangazi yake tangu akiwa msichana. Mtindo wa nywele nyembamba humsimamisha kwa saa sita, na jioni miguu huwa imevimba hata viatu vinamkataa. Televisheni aliinunua ili wateja wasichoke kukaa.

"Kumbe aliyekuwa anachoka ni mimi," anasema. "Sasa nikiwa nawasema hawa watu, hata mgongo nausahau."

Na kuwasema anajua! Mtaani wanamwita Jaji. Majina ya washindani hayashiki, kwa hiyo kawapa ya kwake.

"Mama Machozi analia kabla hajaimba. Sasa sisi tulie saa ngapi? Yule Binti wa Miwani, huyo ndiye. Hapigi kelele, anakuambia neno kama anakupa siri. Ila anaimba huku anaomba radhi kwa macho. Mtu unaimba vizuri hivyo, radhi ya nini?"

Majaji wenyewe hawaponi. "Yule wa katikati, kwake kila mtu ni nyota. Huyo si jaji bwana, huyo ni mgeni wa harusi."

Ulimi huo ndio uliomtia matatani mwezi uliopita.

Mumewe ni fundi wa majokofu, mtu mpole ambaye ukimsikia ameongea sana, basi ameomba chumvi. Jumamosi hiyo aliondoka asubuhi na shati jipya, akasema anafuata vipuri. Jioni, kitini alikuwa mwalimu wa chekechea, mteja wa miaka mingi. Mtangazaji akamwita mshindani anayefuata, na kwenye kioo cha televisheni akasimama fundi wa majokofu.

"Nilisema duniani wawili wawili," anakumbuka msusi. "Halafu nikaiona ile kola. Kola ile niliipiga pasi mimi!"

Yaliyofuata anayasimulia mwalimu, maana kichwa kilikuwa chake.

"Mwanzoni, sauti ikiwa chini, vidole vikawa laini kabisa. Nikasema leo nalala. Alipopanda kwenye kiitikio, mama yangu! Nilidhani nang'olewa nywele na mizizi yake."

Wimbo ulipokwisha, wote wakamgeukia msusi. "Haya Jaji, sema!"

Msusi akasafisha koo. "Kaimba vizuri. Mwanzo mpaka mwisho."

"Mwongo!" Mwalimu aliruka kutoka kitini, ameshika utosi. "Kichwa changu kinajua!"

Wateja walicheka mpaka mmoja akatoka nje. Msusi hakucheka.

Fundi aliponea chupuchupu, akapita akiwa wa mwisho. Aliporudi nyumbani hakuuliza chakula, alimuuliza mkewe ameimbaje. Akaambiwa vizuri. Akauliza tena, akaambiwa vizuri sana.

"Nikamwambia, wenzangu wote unawachana, mimi unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa?" anasema fundi, tukiwa kwenye karakana yake iliyo mlango wa tatu kutoka saluni, katikati ya majokofu yaliyo wazi. Na kwa nini alienda kwa siri? "Nilimwogopa. Si nasikia anavyowafanya watoto wa watu?"

Nilipompelekea msusi swali la mumewe, kwa nini hakumwambia ukweli, mikono ilipungua mwendo na sauti ikashuka.

"Ningemwambiaje? Wale wengine wakikosea wanarudi kwao. Huyu akikosea anarudi kwangu. Tumeoana miaka kumi na saba, sijawahi kumsikia akiimba. Siku anafungua mdomo mara ya kwanza, mimi nimvunje moyo?"

"Kinyozi hajinyoi," anachomeka mwalimu kutoka kwenye benchi la wanaosubiri.

Lakini fundi alitaka ukweli, na alijua ulipo. Jumatatu alikwenda kumsubiri mwalimu kwenye lango la chekechea.

"Shemeji, nisaidie. Mkono wake ulifanyaje?"

Mwalimu, kichwa bado kinauma, akaupitia wimbo wote akiwa amesimama palepale, anaimba huku anaonyesha: hapa palikuwa laini, hapa kavuta kidogo, hapa nusura niite polisi. Watoto wakawapigia makofi wote wawili.

Fundi akarudi nyumbani. "Kiitikio kinanizidi, siyo?"

"Nani kakuambia?" mkewe akashtuka.

"Wewe. Kwa kichwa cha shemeji."

"Nilicheka," anasema msusi, "halafu nikalia. Niliona aibu, nisikufiche. Mume wangu anautafuta ukweli wangu kwa watu, na mimi nimelala naye nyumba moja."

Tangu siku hiyo, saluni ikifungwa, fundi hukaa kwenye kiti cha wateja na kuimba. Tatizo ni kwamba ana upara.

"Hakuna cha kuvuta!" msusi anacheka mpaka anashika meza. "Ikabidi nitumie mdomo. Nikamwambia, baba, shuka, anzia chini, usiogope huko, ndiko sauti yako iliko. Akashuka. Jamani, yule mtu ana sauti! Nimekaa nayo ndani miaka yote hiyo, naambiwa 'chumvi' tu."

Nusu fainali imegawanywa kwa makundi, na wiki hii lilikuwa kundi la Kofia. Jumamosi ijayo ni zamu ya kundi la fundi katika nusu fainali, pamoja na Binti wa Miwani. Kwa mara ya kwanza tangu anunue televisheni, msusi atafunga saluni Jumamosi na kwenda ukumbini mwenyewe. Wateja wamelalamika, kisha wakaomba kuandamana naye.

Nafasi ya mumewe anaionaje? Jaji harembi.

"Yule binti atamshinda, na nimeshamwambia. Akasema sawa, ila yeye anataka aimbe mara moja tu bila kuogopa. Hilo ndilo naomba Mungu ampe. Mengine ni ziada."

Na akiharibu?

Msusi anaweka kitana mezani.

"Nitamwambia, tena mimi mwenyewe, tukiwa njiani kurudi. Lakini pale ukumbini nitasimama, nipige makofi na vigelegele mpaka sauti inikauke. Majaji wako watatu. Mke yuko mmoja."