Kopo la Themostati

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa spana mbili, ovaroli ya mtu aliyeacha kazi, na amri ya kutogusa gari lolote mpaka niambiwe. Gereji ilikuwa mjini Kisii, chini ya kilima cha Nyanchwa. Mwenyewe alikuwa Mhindi mzee tuliyemwita Bwana Stoo, maana hakutoka kwenye stoo yake ya spea ila kwenda kula. Kazi ya magari alimwachia Fundi Mkuu, mtu wa mikono mipana na subira ndogo.

Asubuhi hiyo lililetwa gari moja dogo la saluni lililochemsha maji likipanda kutoka Suneka. Fundi Mkuu alifungua mpira wa juu wa rejeta, akatoa kidude cha shaba chenye springi, akanirushia nikitupe. Hicho ndicho themostati. Hukaa pale maji yanapotoka kwenye injini kwenda kwenye rejeta kupozwa, na kazi yake ni ya bawabu: injini ikiwa baridi hufunga mlango ili ipate joto upesi, ikishapata joto hufungua. Bawabu akikwama mlango ukiwa umefungwa, maji hayapiti na injini huchemka. Dawa ya Fundi Mkuu ilikuwa kumfuta kazi bawabu. Alirudisha mpira bila kile kidude, akaliwasha gari, nalo likaenda zake. Nilivutiwa sana. Kidude sikukitupa kwa sababu kilikuwa king'aavu. Nilikitia kwenye kopo tupu la mafuta ya kupikia.

Bwana Stoo alikiona ndani ya kopo nilipopita dirishani kwake. Akaniuliza, "Mmechemsha hiyo?" Sikumwelewa. Akanieleza kwamba themostati haihukumiwi kabla ya kupimwa. Unaitia kwenye sufuria ya maji, unaiweka jikoni, na maji yakikaribia kuchemka unaiangalia. Ikifunguka ni nzima, na ugonjwa uko kwingine, pengine rejeta imeziba. Isipofunguka, ndipo unanunua mpya. Nilimpelekea Fundi Mkuu maneno hayo naye akacheka mpaka akakaa chini. Alisema Mhindi anatafuta mtu wa kumpikia chai, na kwamba baridi yetu ya milimani inatosha kupoza injini yoyote. Miaka yote niliyokaa pale, Bwana Stoo alinung'unika kwamba boksi lake la themostati linakusanya vumbi. Mimi nilikuwa upande wa Fundi Mkuu, kwa kuwa magari yake yalitoka gereji yakienda.

Kutoka hapo nilichukuliwa na kiwanda kimoja cha majani chai upande wa Nyamira, kutunza malori ya kukusanya majani. Mkubwa wangu huko alikuwa Msimamizi wa Magari, mtu mnyamavu aliyevaa tai hata akiwa amelala chini ya lori. Alikuwa na sharti moja: usifungue boneti kabla hujapanda gari pamoja na dereva wake. "Mwache aendeshe vile huendesha," alituambia. "Wewe kaa, nyamaza, angalia." Klachi inayoteleza, gia inayochomoka, breki zinazovuta upande mmoja, vyote hujitaja vyenyewe njiani, na nusu ya magonjwa ya gari hutoka kwenye mguu wa dereva. Malori yake yote yalikuwa na themostati, na hakuruhusu hata moja itolewe. Nilidhani ni ukaidi wa mtu wa ofisi.

Baadaye nilifungua gereji yangu mwenyewe Masimba, kando ya barabara, na hapo ndipo nilipomalizia kazi. Wateja wangu walikuwa watu wenye gari moja la familia lililokwisha kula chumvi nyingi: walimu, wachungaji, wenye maduka. Gari la namna hiyo lina magonjwa yake ya kawaida. Lisipowaka asubuhi, safisha vichwa vya betri vilivyoota unga mweupe kabla ya kumwambia mtu anunue stata. Usukani ukitetemeka, anza na magurudumu. Gari la kutoka Tabaka, kwa wachongaji, nililitambua kabla ya kulifungua, kwa vumbi la mawe ya sabuni lililojaa kwenye chujio la hewa, na springi zilizolala kwa kubeba vinyago. Na gari lililochemsha nililitoa themostati, nikaitia kwenye kopo langu. Nilikuwa na sifa ya kuponya magari yanayochemka, na sifa hiyo niliipenda.

Mmoja wa wateja hao alikuwa Mwalimu Moraa, mwalimu mstaafu kutoka ng'ambo ya Keroka, mwenye steshen wagoni nyeupe. Gari lake nililiponya kuchemka kwa njia ile ile, likakaa miaka tisa bila kuchemka tena. Kisha figo za mumewe, Mzee Makori, zikashindwa kazi, ikawa lazima apelekwe Kisii mara mbili kwa juma kusafishwa damu. Akitoka huko hakuweza kuketi wima. Katika steshen wagoni aliweza kulala nyuma kwenye godoro, na hakukuwa na gari jingine la kumbeba hivyo. Lakini gari lenyewe sasa lilikuwa linakosa nguvu mlimani, linatoa moshi, linakunywa petroli na oili. Watoto wao walioko Nairobi walikuwa wanasema liuzwe kama vyuma chakavu.

Nililifanyia kazi kwa bidii. Plagi zilikuwa nyeusi kwa masizi, nikazibadilisha na kusafisha kabureta. Chini ya kifuniko cha oili nikakuta ute mweupe, nikasema ni gasketi ya hedi inayovujisha maji kwenye oili, nikaibadilisha. Baada ya majuma mawili gari likarudi vile vile. Hapo nikatamka yale maneno ambayo kila fundi huyakimbilia akishindwa: "Mwalimu, hii gari imezeeka." Alinishukuru kwa ukweli wangu, akaondoka. Wala sikukosa usingizi.

Juma lililofuata hakupita barabarani. Kisha akaja kwa bodaboda, bila gari, akasimama mlangoni mwa gereji na mkoba wake mkononi.

"Nilimwambia mzee vile ulisema," akaniambia. "Amejibu kama gari imezeeka iachwe, na yeye aachwe pia. Amekataa hospitali mara mbili sasa. Daktari anasema akikosa ya tatu hataishi."

Hakuja kunilaumu. Alikuja kuniomba nimdanganye mumewe kwamba gari bado lina maisha, ili akubali kwenda. Niliingiwa na hofu, maana sikuwa nimefikiri kwamba neno nililolitoa kwa sababu ya kushindwa lingefika kwenye kiti cha mgonjwa. Nilifunga gereji, tukaenda.

Mzee Makori alikuwa ameketi nje, miguu imevimba, akitazama shamba lao la chai. Alinisalimu vizuri, lakini hakuuliza kilichonileta. Nikamwomba Mwalimu anipeleke na gari mpaka Keroka na kurudi. Lile sharti la Msimamizi wa Magari nilikuwa nimeliacha zamani. Nilidhani nalijua gari la Mwalimu kwa kuwa nililitengeneza mwenyewe. Aliendesha vile huendesha. Nikanyamaza, nikaangalia.

Aliivuta choki kuwasha, jambo ambalo ni sawa, kwa sababu choki huongeza petroli injini ikiwa baridi. Lakini hakuirudisha. Tulipanda mlima mzima choki ikiwa nje. Nilimwuliza, akasema akiirudisha gari huzima. Ndipo nilipotazama dashibodi. Tulikuwa tumepanda mlima wa kutosha kupandisha joto la gari lolote, na mshale wa joto ulikuwa umelala chini kabisa.

Nikamwuliza umelala hivyo tangu lini.

"Huo haujawahi kupanda tangu ulipoitengeneza," akasema. "Nilifikiri ndio uzima wa gari."

Nilimwomba asimame kando. Miaka tisa injini ile ilikuwa haijapata joto lake, kwenye baridi na ukungu wa Nyamira. Choki ilikuwa inamwaga petroli kila siku, na petroli ikiosha oili kwenye kuta za silinda, ringi za pistoni husagika. Ule ute mweupe ulikuwa unyevu tu wa injini isiyopata joto. Gasketi haikuwa na kosa lolote. Mkono ulioua injini ni ule uliosifiwa kwa kuiponya. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona kazini, kabla wala baada ya hapo.

Ningeweza kunyamaza. Ningefunga themostati kimya kimya, gari lingepata nafuu, na ningeshukuriwa mara ya pili. Lakini yule mzee alikuwa amelichukua neno langu akajihukumu nalo. Tuliporudi nikavuta kigoda karibu naye.

"Mzee, hii gari haijazeeka," nikamwambia. "Ni mimi niliiharibu. Nilitoa kitu bila kukipima."

Aliligeukia gari, akalitazama. Kisha akauliza, "Sasa inapona?"

Nikamwambia ukweli: haitakuwa mpya, ringi zimesagika na lazima nifungue injini, lakini mlima itapanda. Alimtazama mke wake, kisha akanirudia.

"Basi itengeneze," akasema. "Na kesho unipeleke wewe mwenyewe, nikuone ukiendesha."

Asubuhi nilifunika nusu ya rejeta kwa kadibodi ili injini ipate joto kidogo, nikampeleka. Tulipopita Masimba alitaka nimwonyeshe gereji yangu. Katika siku zilizofuata, kati ya safari mbili za hospitali, nilifungua injini na kubadilisha ringi. Themostati niliifuata kwenye duka lile lile la Bwana Stoo, ambalo sasa liko mikononi mwa mjukuu wake. Alishangaa, akasema hakuna fundi anayeuliza kitu hicho. Kabla ya kuifunga niliichemsha, nikaitazama ikifunguka.

Mzee Makori alisafiri na gari hilo miaka mitatu zaidi, akilala nyuma kwenye godoro lake. Mwalimu bado analo.

Mwaka jana magoti yalinikatalia kulala chini ya magari, nikafunga gereji. Kopo nililileta nyumbani. Mke wangu alinipa sufuria kwa sharti kwamba nisiirudishe jikoni kwake. Nilizichemsha themostati zote, moja moja, nikizishika kwa waya. Zilikuwa thelathini na saba. Zilizokataa kufunguka zilikuwa nne. Nyingine zote zilikuwa nzima siku zilipotolewa, na magari yao yaliugua ugonjwa mwingine ambao sikuutafuta.

Ninyi mnaoanza kazi leo mna mashine za kusoma magonjwa ya gari, nami sina la kuwafundisha kuhusu mashine hizo. Nawaambia tu mchemshe kwanza. Ile ya gari la Mwalimu imo humo koponi, lakini sikuitia alama, kwa hiyo sijui ni ipi. Natamani sana iwe mojawapo ya zile nne.