Gari Lililogoma Asubuhi

Mwezi uliopita nilipita Mabatini, mtaa tuliokulia, nikamkuta jirani yetu wa zamani akianua nguo. Nikampa shikamoo. Aliitikia, akanitazama kidogo, kisha akauliza, "Na kale kagari kenu kaliishia wapi?" Hakuuliza habari za watoto wala za kazi. Nilimjibu kwamba sikumbuki. Si kweli. Nakumbuka kila skrubu.

Unajua miaka ile ilivyokuwa. Kiwanda cha nguo kilipunguza wafanyakazi, baba akiwa mmoja wao, na sokoni kukajaa vitu tusivyowahi kuviona. Siku moja baba alirudi na boksi kutoka kwa muuza mitumba. Ndani mlikuwa na gari dogo la mbio, la kuendesha kwa rimoti, lakini likiwa vipande vipande kwenye vifuko vya nailoni. Kitabu cha maelekezo kilikuwa na maandishi ambayo hakuna mtu mtaani aliyeweza kuyasoma. Tukafuata picha.

Baba alikuwa fundi wa mashine za kusokota nyuzi. Alitandika mkeka uani, akanipa bisibisi. Aliniita mama, kama baba wengi wanavyowaita binti zao. "Usikaze kwanza, mama. Weka skrubu zote, ndipo ukaze."

Mama yangu alipita na beseni la mapanki, yale mabaki ya sangara kutoka viwanda vya minofu. "Mtoto wa kike ananuka gereji. Nani atamwoa?"

"Fundi mwenzake," baba akajibu.

Tyubu ya grisi iliyokuja na boksi ilikuwa imekauka. Baba aliingia jikoni, akachovya kijiti kwenye mafuta ya sangara ambayo mama aliyakamua kwa kuchemsha mapanki, akayapaka kwenye meno ya gia. Yaling'aa vizuri. Tukafunga.

Betri yake haikuwemo, kwa hiyo tulichomoa mawe matano ya redio ya mama, betri kavu tulizoziita hivyo, tukayafunga mgongoni mwa gari kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Mama alikosa matangazo ya vifo. "Akifa mtu kwetu Nansio, nitaambiwa na gari?"

Asubuhi ya kwanza mota iliguna, tairi hazikuzunguka. Baba alisema mawe yamechoka. Tukafanya kama kila mtu alivyofanya enzi zile: tukayaanika juani juu ya bati ili yapate nguvu, pamoja na gari lenyewe, maana hatukutaka kufungua ule mpira. Mchana gari lilitoka mbio hadi kwenye miamba. Kesho yake, vilevile. Niliandika kwenye daftari: asubuhi hapana, mchana ndiyo. Baba alisoma, akasema, "Mawe." Nikaamini.

Kisha alitangaza kwamba anakwenda Geita, machimboni. Angeondoka Jumatatu alfajiri kuwahi kivuko cha Busisi. Alisema, "Likizunguka nyumba kabla sijatoka, nitajua nimeacha fundi." Sikutaka kitu kingine duniani. Mama alinunua mawe mapya.

Jumatatu ilikuwa na baridi, upepo ukitoka ziwani. Nilisukuma kijiti cha rimoti. Mota ikaguna, gari halikusogea. Nikajaribu tena, na tena. Baba alisimama na begi begani, akaitazama njia.

"Kuna mahali umekosea, mama. Tafuta."

Akaondoka.

Sikulia. Nilikaa chini nikafikiri kwa mpangilio. Mawe yalikuwa mapya, kwa hiyo tatizo halikuwa mawe. Nikafungua gia. Mafuta ya sangara aliyoyapaka baba yalikuwa yameganda, meupe, mazito kama nta, meno yamezama ndani yake. Siku zote jua lilikuwa likiyayeyusha mafuta. Mawe hayakuwa na shida yoyote. Nikaosha gia kwa mafuta ya taa na mswaki mkuukuu, nikafunga. Gari likazunguka nyumba mara tatu. Mama alisimama mlangoni na mwiko mkononi. "Linakwenda," akasema, akarudi jikoni.

Baba alikuja mara chache, kisha akaacha kuja. Kule alipata nyumba nyingine. Miaka mingi baadaye nilikwenda Geita kumwona, akiwa mtu wa kitandani. Tuliongea habari za mvua na bei ya mahindi. Nilipoinuka kuaga akauliza, "Lile kosa uliliona?"

"Niliona, baba. Nilisahau kukaza waya."

"Nilijua utaliona," akasema, akafumba macho, ameridhika.

Hayupo tena. Kiwanda kimekuwa maghala, na sijaona mtu akianika mawe juu ya bati kwa muda mrefu. Watoto hununuliwa gari likiwa zima, likigoma, linatupwa. Nami kosa lile nimelibeba muda mrefu kiasi kwamba nikiulizwa leo, bado nitasema ni langu.