Ufunguo Ninao, Mlango Nimeupikia

Kwenye ukurasa huu mimi ni msomaji tu, tena wa wale wanaocheka visa vya wenzao. Leo zamu yangu. Ndugu msimamizi, jina langu lifiche na mtaa usiutaje, maana hapa Palma, Msumbiji, tunajuana hata kwa kikohozi. Nina miaka arobaini na moja, mume na watoto watatu, na kuna jambo baya nimelifanya.

Naanza na jiko. Mume wangu alipokuwa mpishi kwenye kambi ya wafanyakazi wa mradi wa gesi kule Afungi, tulivuta enerjia, yaani umeme, nyumbani akaninunulia fogau, lile jiko la umeme la sahani mbili. Nikajiona bibi mkubwa, nawacheka wanaopuliza moto. Kazi iliposimama kwa ajili ya vita, kontadori, ile mita ya umeme, ilibaki ukutani, ila saldo, yaani umeme wa kulipia kabla, tukinunua haikai. Unabandika maharage, hata hayajatokota, inaanza kulia pi, pi, pi. Nikalipandisha fogau juu ya kabati, nikahamia makaa. Makaa nayo yakapanda bei, kwa kuwa wachomaji wa upande wa Mute waliogopa kuingia porini, na aliyethubutu aliuza anavyotaka. Gesi msiniulize. Gesi iko nyuma ya uzio, sisi tunaona taa zake tu.

Jirani yangu ni somo wangu. Kwa wasiojua mila zetu, yeye ndiye aliyenifunda nikiwa mwali, akaniingiza chumbani siku ya harusi, akanipokelea watoto wangu wote. Vita vilipokuja tulikimbia sote, na tuliporudi tukaikuta nyumba yake imesimama, na mlango wake wa mbao ya mkongo umefungwa vilevile. Mlango huo aliuchonga marehemu mumewe, umejaa maua, na ua moja patasi ilimponyoka likakatika. Somo aliukumbatia akalia. Baadaye macho yakaanza kumsumbua, bintiye akamwita Mtwara akatibiwe. Asubuhi ya safari alinitia ufunguo mkononi, akanifumba vidole juu yake.

"Mwali wangu, nyumba nakuachia wewe. Sina wasiwasi."

Nilianza na miti ya ua wake wa nyuma, ile iliyoliwa na mchwa. Nikajiambia nitairudishia. Ukafuata uchaga wa jikoni. Halafu kitanda, nikachukua tendegu moja tu, na kitanda cha matendegu matatu cha nini? Nikakimaliza. Kila siku naingia kwa ufunguo, natoka na kuni ndani ya kanga, nafunga tena kwa adabu zote.

Ndipo ikaja wiki ya mvua. Kuni mbichi, makaa hakuna, mwanangu wa mwisho ana homa anataka uji. Watu wote walikuwa wamejifungia ndani. Nikachukua shoka. Kufuli na komeo nilivikongoa kwanza nikavificha chini ya gunia, halafu nikaupasua ule mlango tangu asubuhi hadi adhuhuri. Mahali pake nikaning'iniza jamvi. Vita viliuacha mlango ule umesimama, mimi ndiye niliyeuangusha.

Mkongo unawaka vizuri, jamani. Uji uliiva, na wali wa nazi wa siku zilizofuata mume wangu aliusifu.

"Kuni gani hizi?"

"Nimepewa," nikamjibu.

Tangu hapo kila nikiwasha moto nasikia komeo la somo likivutwa. Si usiku. Mchana, jua liko utosini. Chuma kinakwaruza, panakuwa kimya, halafu sauti yake mwenyewe: "Hodi." Naye yuko Mtwara, na komeo liko chini ya gunia. Nilidhani ni akili yangu imechoka, mpaka juzi binti yangu wa miaka tisa, aliyekuwa akichagua mchele karibu yangu, alipoinua kichwa.

"Mama, nani kafungua kwa bibi?"

Nikamwambia ni upepo.

Wiki hii somo kanitumia sauti kwenye simu. Nimeisikiliza mpaka naijua yote. "Mwali wangu, Alhamisi navuka, inshallah. Macho ndo basi tena, daktari kasema hayarudi. Usinionee huruma, nyumba yangu naijua kwa mikono. We nifikishe barazani tu, unipe ufunguo, n'tafungua mwenyewe. Nikiushika mlango wa mume wangu n'tajua nimefika."

Ikabidi nimwambie mume wangu. Alilitazama jiko.

"Kwani anaona?" akasema. "N'tatafuta mbao, n'tatia mlango mwingine, kufuli lilelile. Mwambie umevimba kwa mvua."

Na kweli, jana ameutia. Ufunguo unaingia, unazunguka. Nilifumba macho nikaupapasa kama atakavyoupapasa yeye. Mbao kavu na misumari, basi. Leo nimewasha moto wa mchana, komeo likakwaruza tena. Nikatoka mbio kuangalia. Mlango umefungwa, ufunguo nimeufunga kwenye pindo la kanga, na barazani hakuna mtu. Naogopa, na aibu ninayo kubwa kuliko woga.

Ndugu zangu mnaosoma, nitukaneni mkipenda, lakini nijibuni kabla ya Alhamisi. Nimpigie nimwambie kabla hajavuka mto Rovuma, na akisema harudi tena, mimi nitakuwa nani? Au nimshike mkono nimfikishe barazani, nimpe ufunguo, nisimame nyuma yake nikimtazama anavyolitafuta kwa vidole lile ua lililokatika?