Vyumba Viwili Kisiwani Barbados

Nianze na aibu yenyewe nisizunguke: karibu watu themanini wa Bwera, Karambi na Kasese wanajua ni mvulana gani ninayetaka kwenda naye kupumzika Barbados siku moja, wanajua na rangi ya gauni nitakalovaa, na waliyajua yote Jumapili moja mchana kweupe, wamekaa kwenye viti vya plastiki uani kwetu, wanatafuna karanga. Mimi huyu, mtu ambaye nikitumwa chumvi dukani nangoja wateja wote waondoke kwanza ndipo niseme.

Naitwa Biira. Shida inaanzia hapo hapo, kwa sababu kwetu Wakonzo jina halichaguliwi, linafuata zamu ya kuzaliwa: msichana wa pili ni Biira, mvulana wa pili ni Bwambale, imekwisha. Simama katikati ya soko la Mpondwe uite "Biira!" uone vichwa vingapi vinageuka. Kaka yangu ni Bwambale. Mchumba wake wa Kasese, ambaye baba yake ni mwanajeshi wa kutoka kaskazini lakini mama yake ni wa kwetu, ni Biira. Na yule kijana anayepiga kinanda kanisani (nitafika kwake, msinisukume) naye ni Bwambale.

Sasa, harusi ya kwetu haifanywi na watu wawili, inafanywa na mikutano. Kila Jumapili baada ya ibada ndugu, majirani na marafiki wanakuja uani, kinasomwa kitu kimoja kimoja kinachohitajika, mtu anasimama anasema hicho nitaleta mimi, watu wanapiga makofi, na mimi naandika. Nilifanywa sekretari kwa sababu ya mwandiko wangu, na kwa sababu nimemaliza Senior Four, kidato cha nne, na kazi yangu ni kungoja matokeo. Ila kusoma mbele za watu siwezi, sauti inanipotea kabisa. Kwa hiyo tulipatana na mwenyekiti, Mzee Kule, mnunuzi wa kahawa wa Karambi ambaye akiongea hapa wanamsikia mlima wa pili: mimi naandika, yeye anasoma.

Jumamosi jioni daftari langu la siri, lile ninaloandikia ndoto zangu, lilikuwa limejaa mpaka ndani ya jalada, na kichwa changu kilikuwa kimejaa zaidi. Wiki nzima nilikuwa nafagia nywele saluni kwa mama mdogo, na pale ukutani kuna kalenda yenye picha ya mchanga mweupe, viti viwili, na maji ya rangi ambayo nilidhani iko kwa vitenge tu. Chini imeandikwa Barbados, Karibiani. Mimi bahari sijawahi kuiona. Nimeona maji ya chumvi kule Katwe, na pale hakuna mtu anayekwenda kupumzika, wanakwenda kuchimba chumvi mpaka miguu inachubuka. Basi nikawa naomba simu ya mama mdogo, nasoma, nasoma, kumbe huko kuna samaki wanaoruka juu ya maji kama ndege, kumbe unaweza kuogelea na kasa, kumbe watu wanalipa nauli yote ile wakalale tu, bila kupalilia kitu! Moyo ulikuwa unanidunda kama nimeshakata tiketi. Nisingeweza kungoja Jumatatu duka la vitabu lifunguliwe. Daftari la harusi lilikuwa pale mezani na kurasa safi nyingi, nikalivuta, nikapanga: basi la Kasese mpaka Kampala, Entebbe, ndege ya kwanza, ndege ya pili, siku moja moja, chakula, nguo, kila kitu. Juu nikaandika kwa herufi za kupendeza, Bwambale na Biira, Wiki Moja Barbados, Hakuna Haraka.

Nilipomaliza nilitaka kuung'oa ukurasa, lakini lile daftari limeshikwa pini katikati, ukichomoa karatasi ya huku mwenzake wa kule anatoka, na mwenzake wa kule alikuwa na orodha ya masufuria. Nikasema kesho nitaukata polepole na wembe. Kesho ilipofika nikaoga, nikapaka mafuta, nikapanga viti, nikasahau.

Na hiyo kesho ndiyo siku baba wa bibi harusi alikuja mkutanoni kwa mara ya kwanza (siku zote alikuwa anatuma mke wake). Watu walimwita afande, hata mchungaji. Alikaa mbele, mgongo haugusi kiti. Mama yangu alikuwa ametuonya toka asubuhi, "Leo mtu asiniletee ujinga hapa," na alikuwa anamtazama kaka, hakunitazama mimi.

Mzee Kule alisoma ya wiki iliyopita, akasoma masufuria, akafungua ukurasa, akasogeza miwani. Halafu uso wake ukafunguka kama mtu aliyeona kahawa imekauka vizuri.

"Eeeh! Ndugu zangu! Kumbe hanimuni imeshapangwa na sisi tunakaa hapa kama wajinga! Sikieni. 'Bwambale na Biira, Wiki Moja Barbados!'"

Nilifungua mdomo, ikatoka hewa tu. Na watu, jamani, watu walifurahi! Wakina mama wakapiga vigelegele kabla hata hawajajua Barbados ni nini.

"Ni upande gani hiyo?" akauliza Baba Thembo, jirani yetu aliyehamia kutoka Rukoki.

"Ni ng'ambo ya ng'ambo," akasema Mzee Kule. "Ndege mbili!"

"Mimi natoa jogoo mbili wakule njiani!"

"Jogoo kwa ndege, Baba Thembo?"

"Si itakuwa imechinjwa!"

Shangazi Kahindo, ambaye ameolewa ng'ambo ya mpaka, Kasindi, akaruka juu. "Miye natoa valizi! Iko na mataire, iko mupya, hata mutu moja hayaibeba!" Makofi kwa sanduku hilo la safari. Mwingine akatoa miavuli miwili ya jua. Mama mdogo akasema atamsuka bibi harusi bure, nywele za kuingia nazo majini.

Afande akainua kidole. "Hiyo kisiwa, iko na usalama?"

"Afande, watu wanakwenda kulala tu," Mzee Kule akajibu.

"Hata maiti inalala."

"Hapana afande, wanaamka, imeandikwa wanaamka saa nne."

Mnaona, hapo bado ningeweza kusimama. Lakini nilimtazama kaka yangu nikitegemea aseme mimi sijui habari hii, na kaka, badala ya kusema, akasimama, akavuta kola ya shati, akatabasamu kwa watu wote na kusema, "Nilitaka iwe sapraizi." Kaka yangu huyo! Ambaye mpango wake wote ulikuwa kumpeleka bibi harusi siku mbili kwa mjomba wetu Bwesumbu, juu kwenye baridi, wakale viazi! Biira wa Kasese alikuwa analia kwa furaha, anajifuta na mkono wa gauni, na mama yake anamshika bega. Ningesemaje sasa? Na yule kijana wa kinanda alikuwa amekaa nyuma kabisa karibu na spika, amekuja kungoja suala la muziki lifikiwe, waya umezungushwa mkononi. Kusema huo mpango ni wangu ni kusema na yeye yumo. Nikainamisha kichwa, nikaanza kuhesabu vidole vyangu vya miguu.

Mzee Kule alikuwa amepata moto. "'Siku ya kwanza, kulala. Siku ya pili, kulala mpaka saa nne, halafu kutazama samaki wanaoruka.' Wakina mama, mumesikia? Mpaka saa nne, na hakuna mtu anauliza chai iko wapi!" Vigelegele tena. "'Hoteli iwe karibu na maji. Vyumba viwili. Kimoja cha Bwambale, kimoja cha Biira, na katikati kuwe na ukuta wa nguvu.'"

(Niliandika hivyo kwa sababu mama anaweza kuliokota daftari, na kwa sababu mimi nina haya hata ndani ya ndoto yangu mwenyewe.)

Hakuna mtu aliyetafuna karanga tena. Afande akasimama polepole.

"Bwana arusi. Simama."

"Nimesimama, afande."

"Simama muzuri!"

Kaka akabana miguu. Na wazee wawili waliokuwa wamesimama pembeni wakakaa chini haraka, sijui kwa nini.

"Ukuta ya nguvu. Inazuia nini? Mutoto yangu iko na ugonjwa?"

"Hapana afande."

"Anauma watu?"

"Hapana afande. Chumba ya pili ni ya... ni ya valizi."

"Valizi inataka ukuta?"

Mtu mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Biira wa Kasese alimtazama kaka yangu kwa muda mrefu, machozi yale yale lakini sasa ya aina nyingine, akasema kwa sauti ndogo, "Kama hunitaki ungeniambia kule Kasese, usingeniita mbele ya watu." Akaanza kutafuta kibegi chake chini ya kiti. Afande akatangaza kwamba hakuna arusi mpaka aelewe hiyo ukuta. Mama yangu akashika kichwa. Nikaona harusi yetu inatafuta viatu vyake iondoke.

"Ngojeni, ngojeni," Mzee Kule akasema, jasho linamtoka, "labda maelezo iko hapa chini. 'Kila jioni Bwambale atapiga kinanda ufukweni, na Biira atakuwa na gauni la njano, na hataogopa kuongea.'"

"Kinanda?" Shangazi Kahindo akamgeukia kaka yangu. "Huyu? Huyu hata makofi anapiga inje ya wimbo!"

Nikasimama. Kiti kikaanguka nyuma yangu. Nikasema, "Ni mimi," na hakuna aliyesikia, hata mimi nilijisikia kwa shida.

"Sema kama mutu!" Afande aliamuru, na sijui amri ile iliingia wapi mwilini mwangu, lakini ilitoka na sauti ambayo sikujua ninayo.

"NI MIMI! Mpango ni wangu! Biira ni mimi! Kaka hajui kitu, hajui hata Barbados iko wapi, anampeleka bibi harusi Bwesumbu kula viazi!"

(Hii ya viazi haikuwa lazima. Kaka ameshanikumbusha mara nyingi.)

Mzee Kule alivua miwani, akaniuliza bila ubaya wowote, kama anavyouliza gunia hili ni la nani, "Sasa huyu Bwambale ni yupi?"

Sikumtazama mtu. Lakini watu themanini walitazama kwa niaba yangu. Vichwa viligeuka pamoja kuelekea kwenye spika, hata cha mchungaji.

Afande akatembea mpaka mbele yangu. Viatu vyake vilikuwa vinang'aa hata ningeweza kujiona ndani jinsi nilivyoharibika.

"Vyumba mbili ni wewe uliandika?"

"Ndiyo afande."

"Na ukuta?"

"Ndiyo afande."

"Ya nguvu?"

"Ya nguvu, afande."

Akapiga saluti. Nawaambia ukweli, alinipigia mimi saluti, uani kwetu, mbele ya kuku. Kisha akageuka upande wa nyuma. "Wewe wa kinanda! Umesikia ukuta?"

Yule kijana akaruka juu, waya bado mkononi. "Nimesikia, afande!"

Hapo watu wakavunjika. Baba Thembo alicheka mpaka kiti chake kikapasuka mguu. Biira wa Kasese akacheka akiwa bado na kamasi, akakaa, akampiga kaka yangu begani na kile kibegi, mara mbili, ya kwanza kwa ajili ya sapraizi na ya pili kwa ajili ya Bwesumbu, halafu akamwambia viazi anavipenda, angesema tu. Na mimi nilikuwa nataka kukimbia nyuma ya nyumba, lakini Mzee Kule akanirudishia daftari na kusema, "Sekretari, andika." Basi nikaandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa mwandiko ule ule mzuri: mkutano umefahamishwa kuwa Barbados si ya bwana harusi bali ni ya sekretari, valizi na jogoo zinabaki kwa wenye harusi.

Jioni nikiwa naosha vikombe yule kijana alikuja kuchukua spika. Alisimama pale akikunja waya ambao ulikuwa umekunjwa tayari.

"Kwa hiyo kila jioni napiga kinanda?"

Nikaendelea kuosha.

"Wiki nzima? Wewe umelala, mimi niko kazini?"

"Jioni moja unaweza kupumzika," nikasema. Ni neno la kwanza nililowahi kumwambia maishani, na sikulipanga popote.

Basi nimeapa. Mambo yangu sitayaandika tena kwenye daftari la watu hata kama kalamu inaniwasha, na mwandiko wangu hautatoka tena kwa mdomo wa mtu mwingine. Jumapili iliyofuata Mzee Kule aliponyoosha mkono apewe daftari, nililishika kwa mikono miwili, nikamwambia samahani mzee, leo nitasoma mwenyewe, nikasoma kutoka mwanzo, na nilipofika kwenye ile sehemu ya Barbados sikuiruka.