Nilisema kwenye simu "jeshi inaingia kesho", jirani akafunga godoro

Wakuu, heshima kwenu. Hii siyo chai, ni kweli tupu. Mimi ni wa Baraka, huku Fizi, Kongo, basi Kiswahili changu kikipinda mnivumilie.

Kuna kitu napenda sana na wenzangu wananicheka. Napaka rangi askari wadogo wa plastiki, wa mchezo wa vita vya anga unaochezwa mezani. Askari mmoja hazidi kiungo cha kidole. Wana helmeti, bunduki za mwanga, wengine miguu ya chuma.

Rangi zake huku hazipatikani. Natumia verni ya kucha, ile dada yangu anapaka wateja saloni. Brashi yangu ni ya wanja. Ukifika kwenye jicho la askari, unazuia pumzi kwanza.

Ndoto yangu vijana wa hapa tuwe na meza yetu ya mchezo. Chekeni tu, nimezoea.

Sasa rafiki yangu Heri wa Kalemie alinitumia boksi lingine la askari kwa boti. Asubuhi akanipigia. Rezo ya simu ilikuwa mbaya, nikatoka barazani nikawa nasema kwa sauti kubwa:

"Jeshi imefika Kazimia? Basi kesho inaingia Baraka."

Akauliza wale wa kwanza nimewafikisha wapi.

"Bale ba kwanza nilisha bamaliza bote. Hawa ba mpya nitaanzia miguu, kisha nitatia damu kidogo kwa visu."

Rangi, wakuu. Nilikuwa naongea rangi.

Nikarudi ndani kupaka. Nilipotoka kuanika askari mmoja juani, nikaona uwanja wa jirani uko kimya. Huyo jirani ni Mama Espe, Mrundi, anauza mikate ya mafuta. Alikimbia vita kwao akiwa na mimba, akajifungulia njiani.

Moto unawaka, mafuta yanachemka, mikate imekuwa mkaa. Watu hakuna.

Nikaondoa sufuria motoni. Ndipo nikaona nyumba mbili za mbele nazo zinafunga mizigo.

Nikakumbuka nilivyopiga kelele kwenye simu. Nikakimbia.

Nilimkuta njia ya ziwani, godoro kichwani, mtoto mgongoni, mwingine anamvuta mkono.

"Mama Espe, unaenda wapi?"

"We mutoto, usinifuate. Nilikusikia na masikio yangu. Ulimaliza batu, na sasa unaita bengine."

Wakuu, huyu mama ndiye hunipa mkate wa kwanza kila asubuhi, anasema ananenepesha mkwe wake. Na siku hiyo alikuwa ananiogopa mimi.

Nikafungua kiganja tu. Yule askari alikuwa bado mkononi, rangi mbichi.

"Jeshi ni hii, mama."

Akatua godoro. Akamchukua, akamgeuza, akamnusa. Akakaa juu ya godoro palepale njiani.

"Hii si verni ya dada yako?"

"Ndiyo, mama."

"Mujinga we. Nimekimbia kucha."

Akacheka mpaka machozi, halafu machozi yakabaki peke yake. Nilikaa naye mpaka yakaisha. Kisha akaniuliza, bado anamtazama yule askari:

"Na bamama ba hawa bako wapi?"

Jeshi langu zima, hakuna hata mmoja aliyebeba mtoto.

Godoro nililirudisha mimi, nikapita nyumba moja moja kuomba msamaha. Mikate iliyoungua nilikula yote, kwa amri yake.

Nilichojifunza: huku kwetu "jeshi" na "kumaliza" si maneno ya kupigia kelele barazani, hata ukiwa na furaha kiasi gani.

Boksi lilipofika, askari wa kwanza nilimkata bunduki kwa wembe. Nikayeyusha plastiki, nikamtwika godoro, nikamfunga mtoto mgongoni. Kitenge chake cha njano, Mama Espe mwenyewe alichagua.

Meza tukiipata, sheria ni hii: huyo akipita, hakuna anayepiga mpaka avuke.

Nyie wakuu, kazi yenu ina neno gani ambalo jirani akilisikia anaweza kukimbia? Tuambizane hapa.