Kulibusu Dari

Mume wangu ni mfugaji. Siku moja aliniambia shingo yangu inaning'inia kama ya dume la ng'ombe, na alidhani ananisifia. Nikakasirika. Binti yangu mdogo akanionyesha kwenye simu mazoezi ya kukaza shingo: unainua kidevu, unatazama juu, unachomoza midomo kama unalibusu dari.

Asubuhi moja nilikuwa uani hapa Tinde, nabusu mbingu kwa bidii. Niliposhusha kidevu, mbele yangu alikuwa amesimama mkwe wangu, mume wa binti mkubwa, katoka machimboni Geita. Midomo yangu ilikuwa bado imechomoza.

Kwetu Wasukuma, mkwe na mama mkwe hata kutazamana usoni ni shida. Kijana alitupa mfuko wa sukari, akatimua mbio. Shikamoo yake niliisikia ikitokea barabarani.

Kikao cha ukoo kikaitwa, eti nimemchomozea mkwe midomo. Nikaeleza kuwa ni mazoezi. Wazee wakasema hawaelewi, nionyeshe. Nikaonyesha. Mmoja akajifunika uso kwa kofia. Shangazi wa mume wangu akajaribu, akasema kweli, shingo inavuta.

"Na hodi je?" nikauliza. "Huyo mkwe wenu aliisahau shimoni?"

Wazee waliamua niendelee na mazoezi, ila tangu siku hiyo nijifunike khanga mpaka kidevuni, usiku na mchana, maana mkwe anaweza kutokea wakati wowote.

Leo shingo yangu imekaza kama ya mwali, na anayeijua ni khanga peke yake.